Wastani wa Ishirini na Tano na Shikamoo Moja

Leo nimejishushia heshima, tena mbele ya mashahidi. Waliokuwepo: mimi, mdogo wangu Neema, mama yetu mdogo Skola, na wazee wawili waliokuja kumwona Neema kwa niaba ya kijana wao.

Wazazi wetu hawapo. Niliacha shule nikalea wadogo zangu, kwa hiyo kwenye mambo ya posa baba ni mimi.

Asubuhi Neema akaniambia, "Kaka, leo usiende na baiskeli."

"Narudi kabla chai haijapoa."

Washikaji wa kikundi chetu cha baiskeli mnanijua. Nimekwama kwenye wastani wa kilomita ishirini na tatu kwa saa tangu masika. Miguu ninayo, ila salamu zinaniangusha. Kwetu Ufipa mzee humsalimii ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unachuchumaa, anakuuliza nyumbani, shamba, hata ng'ombe (sina ng'ombe), na simu inaendelea kuhesabu muda.

Leo nikaamua: sishuki!

Nikaenda njia ya Namanyere, nikageuza, upepo mgongoni, narudi mjini. Mbele nikaona wazee wawili wanasukuma baiskeli yenye pancha. Mmoja akanyoosha mkono.

"Kijana! Pampu!"

Pampu ninayo, imefungwa kwenye fremu, inaonekana kabisa.

"Shikamooni!" nikapiga kelele, nikapita. Marahaba sikuisikia.

Nyumbani simu ikasoma ishirini na tano. Ishirini na tano! Nikawatumia picha kabla hata ya kuoga. (Mkanipongeza. Asanteni sana.)

Nikavaa koti la marehemu baba, nikakaa kwenye kiti chake. Wageni wakachelewa. Mama mdogo akapasha chai mara ya pili.

"Hodi!"

Wakaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkubwa wao akaitazama baiskeli yangu ukutani. Akatazama pampu. Akanitazama mimi.

"Baba wa binti yupo?"

"Ndiye huyu," Neema akasema.

"Aa. Huyu tunamfahamu. Ila sura ndiyo tunaiona sasa, kule tuliona mgongo."

Mama mdogo akauliza, "Mlikutana wapi?" Nikaikodolea macho chai.

"Alikuwa mbio sana," mzee akasema. "Kijana, ulikuwa unamkimbiza nani?"

"Najikimbiza mwenyewe, mzee. Napima kama nimeongeza mwendo."

"Ukajipata?"

Mama mdogo akatoka nje haraka. (Nilimsikia akicheka huko jikoni.) Neema hakucheka. Alikuwa ameshika trei, anaangalia chini. Hapo ndipo wastani wote ulinitoka kichwani.

Nikashuka kwenye kiti, nikachuchumaa na koti la baba.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Hiyo ni ya hapa nyumbani. Ya barabarani bado tunakudai."

Wakanywa chai, wakamsifu Neema, nikawazibia pancha na kuwajazia tairi mwenyewe. Kuhusu posa wakasema wataileta, ila kwanza nifike kijijini kwao kuilipa ile shikamoo, kwa miguu, huku nasukuma baiskeli. Na wazee wa huko ni wengi, kila mmoja ana maswali yake ya ng'ombe.

Neema ameshaninyooshea koti. Deni liko palepale. Jumamosi mkiniona nasukuma njia ya Namanyere, msicheke. Piteni tu. Lakini mshuke mnisalimie, nimevaa koti la baba.