Sheria Yenu ya Mupira Imeangukia Ndani ya Sufuria Yangu ya Sombe

Kasongo, siku ya Alhamisi

Kwa Bwana Prefe wa Masomo, mukubwa wa shule mwenye kuheshimiwa na wazazi wote,

Mimi ni Falonne, muke wa Octave wa kalasi ya sita ya sekondari, yule gardien mwenye kulinda goli ya shule yenu. Munanijua. Nilikuwa kwenu mpaka kalasi ya pili, nikatoka juu ya tumbo, na lile tumbo leo linaitwa Grâce, linatambaa, na sasa hivi linavuta karatasi hii. Mukiona neno limelowa, ni mate yake. Machozi yangu yatakuja chini kidogo.

Ninawaandikia kwa unyenyekevu mukubwa ili muondoe ile sheria ya mwanzo wa mwaka. Ninaikumbusha ili tusikosane. Sheria ile iko na miguu miwili. Muguu wa kwanza: mwanafunzi mwenye kucheza mupira, kama hakupata nusu ya pointi katika interro, ule mutihani mudogo wa kalasini, havai jezi. Muguu wa pili: kila mwenye kucheza akiwa muzaifu katika somo, shule, wazazi na majirani wamusaidie asome mpaka apite. Muliisoma mbele ya bendera, watu wakapiga mikono. Na mimi nilikuwa ninapita na ndoo ya maji kichwani, nikasimama, nikapiga mikono. Sikujua kwamba kile ninachopigia mikono kitakuja kukaa kwangu.

Kesho Ijumaa Octave anaandika interro ya chimie, ndiyo kemia. Jumamosi Kabambare wanakuja kucheza. Interro iliyopita Octave alianguka. Akianguka tena, hatasimama golini, na yule mwenye kumufuata, mupira ukimujia anafunga macho. Basi ninaomba sheria iondoke leo, mbele ya kesho. Malalamiko yangu ndiyo haya.

1. Muliposema majirani wasaidie, hamukusema majirani gani. Wamekuja wote. Mukubwa wao ni Papa Hemedi, mwenye kubeba watu kwa pikipiki, kiongozi wa mashabiki. Jua likianza kupoa ninasikia pikipiki inazimwa mulangoni. Anaingia na kiti chake mwenyewe, na nyuma yake avenue nzima na viti vyao. Wanajipanga pande mbili, kama kiwanjani. Octave akijibu vizuri, wanapiga bidoni za maji kama ngoma. Akikosa, wanapiga filimbi. Ayoubu, yule aliyekuwa mwamuzi zamani, amekata kadi kwenye boksi ya sabuni, akazipaka rangi. Siku moja Octave alichanganya zinki na chumvi, Ayoubu akamuonyesha kadi nyekundu na kumufukuza ndani ya lupango, ua wa nyumba yetu sisi wenyewe. Bwana yangu akasimama barabarani kama mugeni mpaka Ayoubu alipomaliza kula. Na chakula alichokula kilikuwa cha Octave.

2. Papa Hemedi anasema gardien hawezi kusoma akiwa amekaa, kwani akili yake iko mikononi. Kwa hiyo anamutupia mupira na swali pamoja, na Octave anapaswa kudaka vyote viwili. Anavaa glavu hata kwa kufungua kitabu. Ndiyo maana kurasa zinageuka kwa mafungu, na mambo ya katikati hajayaona mpaka leo. Swali la asidi lilikuja juu sana, Octave akaruka, akaligusa kwa vidole, likapiga ukuta, likaangukia ndani ya sufuria yangu ya sombe. Ninasema mupira. Swali lenyewe hakuna aliyejua lilikokwenda. Ile sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, tuliila. Ilikuwa na muchanga wa kiwanja, na Papa Hemedi akasema imekolea.

3. Mutoto. Zamani nilimuimbia kidogo, akalala. Sasa halali bila kusikia haidrojeni, heliamu, litiamu, tena kwa ile sauti ya Papa Hemedi, na mimi sina sauti ile. Jumapili iliyopita kanisani, mahali watu wote wanasema Amina, Grâce alisimamisha mikono juu akalia kama goli limeingia. Mama Dieudonnée, mwenye kufundisha katekisimu, akageuka akaniuliza: "Falonne, huyu mutoto ulimubatizia kanisani ao kiwanjani?"

4. Hapa munisikilize vizuri, Bwana Prefe, maana hapa ndipo Octave alipoangukia.

Jirani yetu Emilienne iko na kaka yake, Faradji, mwalimu kule Kabambare. Alikuja kumutembelea, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasikia bidoni zinalia kwetu, akaingia kusalimia. Papa Hemedi alikuwa anauliza: musumari ukipata kutu, unakuwa muzito zaidi ao mwepesi? Faradji, kwa upole, akasema unakuwa muzito, kwani oksijeni inaingia ndani ya chuma na kubaki pale.

Papa Hemedi akasimama.

"Ndugu yangu, ulitoka Kabambare, kwa barabara mbaya namna ile, kuja kutuharibia gardien? Kutu inakula chuma! Kitu chenye kuliwa kinaongezeka wapi? Angalia hii sombe ya Mama Grâce. Imeliwa. Imeongezeka?"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Ayoubu akamupa Faradji kadi ya manjano, wakamuhamisha kwenye upande wa wageni, kule karibu na choo.

Mimi nilikuwa na kitabu mukononi, na kitabu kilisema vilevile kama Faradji. Nikasema: "Papa Hemedi, hapa wameandika muzito."

Akaniangalia kwa huruma. "Mama Grâce, hicho kitabu ulikiazima kwa nani? Si kwa Emilienne? Na Emilienne si dada yake huyu?"

Octave anawaogopa mashabiki kuliko anavyowaogopa ninyi. Akaenda kuandika mwepesi. Mulimupa sifuri pale, akakosa nusu. Ndiyo kusema, Bwana Prefe, kwa sheria yenu Kabambare wametufunga goli kwa kusema ukweli tu. Mupira wenyewe haujaanza.

5. Mimi mwenyewe. Kwa sababu mikono ya Octave ni ya mupira, kitabu kimebaki kwangu. Grâce mugongoni, mukono mumoja unageuza bugali, mwingine umeshika kitabu ili niseme kama amejibu vizuri. Na ili nisionekane mujinga, ninasoma kwanza kile watakachouliza, kisha kile kinachofuata, kisha ninataka kujua mwisho wake. Sasa mambo yananiingia kichwani bila ruhusa. Mutoni ninaona mafuta yanakataa maji, ninasimama pale, nguo zinachukuliwa na mukondo. Sokoni nilimwambia muuza chumvi kwamba ndani ya chumvi yake muna klorini. Akaniambia yeye ni mutu wa Mungu, haweki dawa ndani ya chakula cha watu, na tangu siku ile hanisalimii. Ni haki hiyo? Mwenye kuandikishwa iko anadaka mupira, na asiyeandikishwa ndiye chimie imemushika!

Kwa sababu hizo muondoe sheria. Kama ni vigumu, muwaruhusu mashabiki waingie kesho kuandika interro pamoja na Octave, kwani wao wenyewe wanasema timu ni wachezaji pamoja na mashabiki. Bidoni zitabaki nje. Mukikataa, interro ifanyikie golini: Mwalimu Jean-Pierre wa chimie asimame kwenye penalti apige maswali kwa muguu, Octave akidaka apewe pointi. Mukikataa na hiyo, basi niiandike mimi, na Octave akae chini ya dirisha na mutoto. Kwa kubeba mutoto hana makosa, hajawahi kumuangusha. Na karatasi inaandikwa jina tu, haiandikwi ndevu.

Bwana Prefe, nimefikiri sana, nimeona kwamba mupira na kitabu haviwezi kulala ndani ya nyumba moja. Kimoja kitoke. Na kwa kuwa Kabambare wako njiani, kitoke kitabu. Octave bila chimie hamuumizi mutu. Octave nje ya goli ataumiza Kasongo nzima. Muondoe sheria, Papa Hemedi abebe kiti chake, na mimi nirudishiwe jioni zangu za zamani, zile za kimya, ambazo hakuna mutu aliyeniuliza neno lolote.

Hapa ndipo nilisema kutakuwa machozi. Kama muko mahali pamelowa, museme tena ni Grâce.

Munisalimie Mama Prefe na wajukuu, na Mwalimu Jean-Pierre, na kochi wa timu, na yule baba wa kengele ambaye alikuwa anachelewa kuipiga akiniona ninakimbia. Munisalimie na bangi nililokuwa ninakalia kalasini, lile la nyuma karibu na dirisha, kama bado liko.

Anayewaheshimu mukiwa na sheria na mukiwa bila sheria,

Falonne, Mama Grâce

N.B. Leo Ijumaa, jua katikati ya kichwa. Barua haijaondoka, kwani Papa Hemedi, niliyemuomba kuileta, alisema leo habebi kitu chochote mpaka ajue matokeo. Octave amerudi. Amepita! Swali la kutu lilirudi, akaniambia kwamba aliinua kichwa, akaona akilini sura ya Papa Hemedi, akaona sura yangu na mwiko, akaandika muzito. Papa Hemedi amewaambia watu wote kwamba yeye alisema muzito tangu mwanzo. Faradji, aliyefika tena kwa ajili ya mupira wa kesho, ameletewa kiti upande wetu.

Kwa hiyo, Bwana Prefe, musiondoe sheria. Yale ya juu muyasome kama maneno ya mutu aliyekula sombe yenye muchanga. Sheria ibaki na miguu yake yote miwili. Octave akimaliza Exetat, mutihani wa serikali wa mwisho wa sekondari, viti vitaondoka, kitabu kitarudi kwa Emilienne, na mimi sijafika mwisho wake.

Muliposema kila mwenye kucheza asaidiwe kusoma mpaka apite, nilikuwa pale na ndoo yangu, nilisikia vizuri: hamukusema mwanaume. Mbele ya kumuzaa Grâce nilikuwa winga wa kushoto wa timu ya wasichana. Muguu bado uko. Iniforme nimekwisha kuipanua kiunoni. Mwezi wa tisa, kalasi ya tatu ikifunguliwa, Octave atakaa na mutoto, na mikono yake mutaiona kesho mbele ya Kabambare.

Kama njia ya kufika kwenye lile bangi inapita kiwanjani, munipe jezi.