Kichocheo Kisichokwisha

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nilikuwa nimefunga tai. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaipata kwa wanafunzi.

Mnajua shule yetu hapa Kakuyuni haina maabara. Kemia naifundishia kwenye stoo ya mahindi. (Panya wetu sasa wanaijua asidi kuliko kidato cha pili.) Leo afisa wa elimu alikuwa anakuja kuona kama tunastahili kujengewa. Mwalimu mkuu akanivuta pembeni.

"Mutua, mwonyeshe kitu asichoweza kukisahau. Ukiharibu, tumekwisha."

Kitu nilikuwa nacho! Muda mrefu nimekuwa nikikusanya chembe za silika, zile za vijipakiti vinavyowekwa kwenye masanduku ya redio mpya kunyonya unyevu. Nikazipaka titani dioksidi, unga ule unaotia weupe kwenye rangi ya nyumba, kisha nikazichoma juu ya jiko la makaa hadi unga ukashikamana nazo. Ukizitia kwenye maji ya rangi na kuyaanika juani, unga unalisaidia jua kuivunja ile rangi, maji yakawa safi. Wenyewe haupungui. Ndiyo maana unaitwa kichocheo. Jana ilikubali. Juzi ilikubali.

Asubuhi nikapanga chupa mbili za kioo ukutani, nyuma ya jikoni, penye jua kali. Zote na maji ya buluu. Moja na chembe zangu, nyingine bila kitu. Nikaenda darasani.

Mara wingu! Nikachungulia dirishani: buluu na buluu. Wingu likapita, likaja jingine. Nafundisha huku jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Halafu nikasikia gari.

Afisa ni mzee wa Mambrui, mpole wa maneno, mkali wa macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Haya, tuoneshe hizo ajabu zako."

Tukazunguka jikoni: yeye, mwalimu mkuu, walimu wote na wazazi waliokuja kumpokea. Tukatokea ukutani.

Chupa moja buluu. Nyingine safi kama maji ya mvua!

Nikapiga kelele. (Ndiyo, kelele. Mtu mzima na tai yake.) Wazazi wakapiga makofi. Nikahutubia: jua, rangi, unga. Nikamaliza kwa mbwembwe: "Na kichocheo, mzee, hakiishi! Kitafanya kazi leo, kesho na mwakani!"

Afisa akainama. Akavaa miwani. Akaitazama chupa chini, juu, chini tena.

"Mwalimu, hicho kisichokwisha kiko wapi?"

Nikatazama. Maji matupu, hakuna hata chembe moja.

"Ki... kimejificha, mzee."

"Kimejificha ndani ya kioo?"

Mwalimu mkuu ananitazama kama deni. Ndipo Mama Kadzo, mpishi wetu, akatoka jikoni akijifuta mikono kwa leso.

"Mwalimu, hiyo nimekukoshea. Ilikuwa na maji machafu na mchanga chini. Nimetia maji mapya. Hiyo nyingine naja kuikosha nikishaepua maharagwe."

"Na ule mchanga, Mama?"

"We! Mchanga mzuri huo! Nimeusugulia sufuria." Akaingia ndani, akarudi nalo, akaliinua juu. Sufuria la ugali, jeusi tangu shule ifunguliwe, linang'aa mpaka nikaiona sura yangu. Bora nisingeiona.

Wazazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Afisa alivua miwani, akafuta machozi. Akamgeukia mwalimu mkuu: "Hawa wajengewe maabara. Na iwe mbali na jikoni."

Basi tumepata maabara, nami nimepata jina. Nikipita darasani wanafunzi wanaimba, "Mchanga mzuri huo!"

Nawaomba ninyi wenzangu, msicheke. Wewe hapo kwenye kona, nimekuona.