Sauti ya Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mwanyumba amenunua spika tano. Tano! Nimeziona leo jioni kwa macho yangu, nilipopita kwake kurudisha ngazi. Moja mbele katikati, mbili pembeni, mbili nyuma ya kochi, na chini ya meza boksi jeusi linalotikisa vikombe kabatini. Huyu ni mume wa shemeji yangu, dada yake mke wangu. Tumeoa nyumba moja, na tangu siku ya harusi yangu hajaniacha nipumue. Aliniketisha, akawasha filamu ya vita, helikopta ikapita juu ya kichwa changu. Nikainama. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba baba mkwe akija Jumapili atafurahi sana. Hapo nikaelewa. Mzee anapenda filamu za vita kuliko chakula. Katika miaka tisa ya ndoa yangu ametutembelea mara saba, na hajawahi kulala kwangu. Anakunywa chai, anasifu mapazia, anaenda kulala kwa mwanyumba. Mke wangu humsindikiza babake mpaka getini, kisha hurudi na kuosha vikombe ambavyo ameshaviosha. Mimi inaniuma.

Safari hii mzee atalala kwangu. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Kazini leo (idara ya maji, dawati la malalamiko) mabomba yote yalikuwa na adabu, nikapata nafasi ya kusoma. Kumbe spika tano ni ushamba. Binadamu ana masikio mawili tu. Ukivaa hedifoni za kawaida, programu inaichelewesha sauti kidogo isifike masikio yote kwa pamoja, ubongo unadanganyika, unaamini kwamba kitu kiko nyuma yako. Ubongo wenyewe ndio unaofanya kazi ya spika. Mwanyumba amejaza sebule maboksi bure.

Nimekuja na hedifoni za ofisini. Si wizi, zitarudi. Nimejaribu saa nzima. Sauti ilizunguka kweli, lakini upande wa kulia peke yake. Mke wangu akaniuliza kama nimeona kwamba hedifoni hizo zina sikio moja. Nilikuwa nimeona. Nilikuwa napima.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoa hedifoni zangu za zamani kwenye droo, zile zilizofungwa kwa utepe wa gundi. Masikio mawili, nimehesabu. Kompyuta ina programu yake ya kuzungusha sauti, nikaiwasha. Programu ya kuonyesha filamu nayo ina yake, nikaiwasha. Nikapakua ya tatu. Ikaniomba jina, nikajaza Mtaalamu, ndivyo wanavyoniita kazini, na nyumbani pia mke wangu akikasirika. Nikaiwasha nayo.

Matokeo: vita vyote vilipiganwa ndani ya tangi la maji. Mimi nashinda kutwa nikisikiliza watu wakilalamikia matangi, sikuhitaji jingine nyumbani. Nikasoma tena maelezo. Inatakiwa kuwasha moja tu. Imeandikwa mstari wa kwanza, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Nikabakiza ile ya tatu na kuweka sauti ya majaribio: nyuki anayezunguka kichwa. Nyuki huyo ni kiboko. Alipofika sikio la kushoto nikampiga kofi. Chupa ya chai ikaenda chini. Mke wangu akatoka jikoni, akaitazama chai, akanitazama mimi, akauliza nyuki yuko wapi. Nikamwonyesha kushoto. Akasema kwenye skrini yuko kulia. Nilikuwa nimezivaa kinyume.

Alhamisi, 6 Machi

Programu inasema masikio ya watu hayafanani. Unaipa picha ya sikio lako, inapanga sauti kufuata umbo lake. Hapo ndipo nitakapommaliza mwanyumba. Spika zake hata hazijui kama ana masikio.

Mkuu wa kitengo alikataa kunipiga picha. Mwenzangu wa dawati la pili akakubali, kwa karibu kabisa, huku akicheka. Sikio likatoka jekundu kama limeungua, kwa sababu nilikuwa nimelisugua kwa sabuni ya choo cha ofisi. Nikaituma picha. Dakika moja baadaye simu ikaanza kulia mfululizo. Nilikuwa nimeituma kwenye kundi la familia.

Shemeji ameandika pole. Mwanyumba ameandika kwamba sasa anaelewa kwa nini sishauriki. Baba mkwe, ambaye huandika mara mbili kwa mwaka, aliuliza kwa herufi kubwa: LIMEANZA LINI. Nilitaka kumweleza, lakini ningefichua mbinu kabla ya Jumapili. Siri ni siri.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amefua mapazia. Ametandika chumba cha wageni kwa shuka za maua, zile ambazo mimi sijawahi kuruhusiwa kuzilalia. Ameniomba kitu kimoja tu, nisifanye lolote. Nimemwahidi. Sitafanya lolote zaidi ya nililopanga.

Jumamosi, 8 Machi, saa tisa alasiri

Mke wangu yuko saluni. Nafanya jaribio la mwisho. Naandika huku nasikiliza, kama watafiti wanavyofanya. Nimekaa mezani, mlango uko nyuma yangu. Filamu ni ya kigeni, ya farasi na mapanga.

Mapanga: mbele kulia, safi.

Farasi: wanatoka kulia kwenda kushoto. Vumbi karibu nilione.

Kubisha mlango: nyuma kushoto. Ajabu. Ni kama mlango wangu mwenyewe, hata ule ubao uliolegea unasikika. Mara tatu, kwa adabu.

Anayebisha anasema hodi. Katika filamu ya kigeni! Kumbe programu inatafsiri pia. Hilo hawakuliandika popote, watu wanyenyekevu sana.

Sasa anakohoa. Kikohozi cha mtu mzima, kinatoka kifuani kabisa.

Mhusika huyu ameanza kuchosha. Kwenye skrini wote wamekufa, yeye bado anabisha. Nimeongeza sauti.

Kagonga kioo cha dirisha. Kioo! Nimesisimka mwili mzima, lakini sikugeuka. Mtafiti hageuki.

Ameacha. Nyayo zinaondoka taratibu mpaka getini. Geti linalia kama langu. Machozi yamenilengalenga. Spika tano haziwezi hivi hata zikiombewa.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Alikuwa baba mkwe.

Aliona picha ya sikio, akashindwa kungoja Jumapili. Fundi cherehani wa ng'ambo ya njia ndiye aliyemwambia mke wangu alipokuwa akirudi. Alimwona mzee amesimama mlangoni kwetu robo saa na begi lake, kisha akaelekea kwa mwanyumba.

Nilitamani mke wangu anigombeze. Hakunigombeza. Aliingia chumba cha wageni na nywele zake mpya, akazitoa shuka za maua, akazikunja polepole, akazirudisha kabatini. Kisha akaenda kuosha vikombe. Nilisimama mlangoni mwa jikoni na hedifoni shingoni. Nimejiona mdogo, kwa kweli. Nikamwambia samahani. Akafungulia bomba.

Jumapili, 9 Machi

Sielewi, lakini siulizi. Asubuhi mke wangu alikwenda kwa dada yake kumwomba babake radhi, akarudi naye, na begi!

Alinivuta jikoni akanieleza. Mzee hakumwacha amalize sentensi. Alisema asinilaumu. Alibisha, akaita, akagonga dirisha, akaniona kwa macho yake nimekaa kimya na sikushtuka. Kwa hiyo picha ile ilikuwa ya kweli, mkwe wake hasikii tena, na anaficha kwa sababu ya aibu. Yeye mwenyewe sikio la kushoto lilimfia akiwa na umri kama wangu, anajua upweke wake. Amekuja kukaa na mgonjwa mpaka Jumanne. Isitoshe, spika za mwanyumba zilimuumiza kichwa. Ameuliza kwa nini zote tano zimewekwa upande wa kulia.

Mke wangu alipomaliza aliniangalia machoni, akasema taratibu ili nimwelewe: mpaka Jumanne, mimi ni kiziwi. Kisha akaenda kabatini kutoa shuka za maua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya ukiziwi. Mkuu wa kitengo aliuliza kazi gani ya kusikiliza watu inafanywa na mtu asiyesikia. Nikamwambia ukiziwi huu si wa kweli, ni wa nyumbani tu. Hakuelewa.

Ukiziwi ni kazi ngumu. Mzee ananitia matone ya dawa sikioni mara tatu kwa siku. Ananisemesha kwa kupaza sauti mpaka fundi cherehani anaitikia kutoka ng'ambo. Ameniuliza kama nataka chai, mtaa mzima ukajua nataka chai.

Mwanyumba amekuja kunijulia hali. Akakaa mbele yangu, akanishika mkono, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ngazi yake niliirudisha ikiwa imevunjika kidato, kwamba hata nilipokuwa nasikia sikuwa na faida, na kwamba ninaonekana nadhifu zaidi nikiwa kimya. Nikatikisa kichwa kwa shukrani. Mke wangu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka wa harusi.

Baadaye alikaa mkono wa kulia wa babake, upande wa sikio zima, akisimuliwa habari za marehemu mama yake. Mengine hakuwahi kuyasikia. Mimi niliyasikia yote, na sikutakiwa. Nikatazama ukuta kwa bidii.

Jumanne, 11 Machi

Mzee ameondoka. Mlangoni alisimama nyuma yangu, kushoto, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba yale matone ni maji na chumvi tu. Nikamjibu kwamba hata hivyo tunashukuru, baba. Akacheka mpaka akashika nguzo. Nadhani ilikuwa furaha ya kuona dawa imefanya kazi. Akamwambia mke wangu kwamba safari ijayo atashukia hapa moja kwa moja, hapa pana utulivu. Mke wangu akalia, akafuta machozi kwa mtandio, akachukua begi la babake kumsindikiza kituoni. Miaka tisa. Nami nililia kidogo, ndani kwa ndani.

Kwa hiyo mbinu imefaulu. Bila hedifoni zangu mzee asingelala hapa, hilo hata mwanyumba hawezi kulipinga. Mfumo huu ni bora kiasi kwamba unamvuta hata mtu asiyeuvaa. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilipiga picha ya sikio moja. Kesho nitapiga ya pili.

Mke wangu ameniambia mara mbili kwamba hana ufunguo, nimsikilizie mlango. Nimeweka filamu mpya wakati nikingoja. Mvua ya humu imerekodiwa vizuri kuliko farasi wa juzi, iko juu ya bati kabisa. Na kuna kubisha mlango tena, nyuma kushoto, safari hii ni mwanamke. Anasema hodi. Sasa ananiita Mtaalamu, kwa hasira za kweli kabisa. Jina hilo nililijaza mwenyewe Jumatano iliyopita, na programu imelikumbuka. Nimeongeza sauti.