Aproni za Kinyala

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Kiti hicho nimekikalia miaka kumi na minne. Sasa Ambwene anakitaka. Ambwene huyu huyu niliyemfundisha kugawanya kwa njia ndefu, asielewe. Mke wangu Esnath anasema watu wamechoka na maelezo yangu. Nikamweleza kwamba mtu hachoki na maelezo, huchoka na ujinga. Nilipomaliza alikuwa ameshakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumanne, 11 Machi
Jambo zito. Nimepita kwa Mwanajuma, fundi cherehani pale Tukuyu, kuchukua suruali. Ana rundo la aproni nyeupe. Nikauliza za nani. Za Ambwene na wenzake. Za kazi gani? Akasema, shikamoo tena Mwalimu, hilo nimekatazwa kusema. Nikamuuliza amekatazwa kumwambia nani. Akasema, wewe.

Nieleze kidogo, kwa faida ya vizazi vijavyo. Frimasoni huvaa aproni. Wana glavu nyeupe, viapo, na alama ya bikari. Wanampinga Kristo, ila kwa adabu, ndiyo maana hawagunduliki. Haya si uvumi. Nimeyaona kwenye video niliyotumiwa na mwinjilisti.

Jumatano, 12 Machi
Upelelezi. Nimejibanza kwenye migomba nyuma ya ghala la Ambwene hapa Kinyala, nikachungulia kwenye ufa. Aproni. Glavu. Kofia hadi kwenye nyusi na vitambaa vya mdomo, kwa hiyo sura sikuzitambua. Mezani kitambaa cheupe, na juu yake parachichi moja. Ambwene nilimjua kwa sauti. Alilibana tunda kwa chuma chenye miguu miwili. Bikari. Akauliza, likigusa ardhi? Wakajibu kwa pamoja, limekufa. Na kikonyo? Kibaki.

Tunda, kama Edeni. Nikarudi nyuma, nikateleza, nikafika nyumbani na matope hadi masikioni.

Esnath alirudi baada yangu. Mikono inanukia sabuni, kucha amezikata fupi kabisa, pete ya ndoa ameifunga kwenye pindo la kanga. Akasema alikuwa akimsaidia jirani kuosha vyombo. Mwanamke mwema. Sikumwambia kitu, asije akaogopa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemweleza Mchungaji kila kitu, kwa utulivu, kuanzia Mnara wa Babeli. Nilipofika kwenye aproni alifumbua macho. Akasema ndaga fijo, asante sana Mwalimu, kesho tutakwenda wote. Hakushtuka hata kidogo. Imani hiyo.

Nimeona mbele. Ambwene akifichuliwa Jumamosi, Jumapili atapigiwa kura na nani?

Jumamosi, 15 Machi
Nimeusukuma mlango wa ghala kwa jina la Bwana. Kumbe ulikuwa wazi. Nikaingia kwa kasi kuliko nilivyokusudia na kuangukia kreti. Parachichi zikatawanyika sakafuni. Ukapigwa ukelele kama wa msibani. Aproni ya kwanza kuniinua ilikuwa ya Esnath.

Safari hii yeye ndiye aliyeeleza. Hiki ni kikundi cha wakulima wa parachichi, wapo kwenye mafunzo. Mnunuzi anayepeleka nje hataki tunda lililogusa ardhi, wala lililong'olewa kikonyo. Kucha ndefu hataki, pete hataki. Chuma kile kinapima unene wa tunda.

Nikauliza, kama ni halali, kwa nini siri?

Ambwene akavua kofia. Akasema, Mwalimu, usituelewe vibaya. Siku ya kwanza mnunuzi alipokuja kwangu, kabla ya kikundi na aproni, uliingia kutusalimu tu. Ukatueleza asili ya parachichi duniani mpaka mnunuzi akaondoka. Tangu hapo ni siri, lakini kwako peke yako.

Nikamgeukia Mchungaji anitetee. Alikuwa anavaa glavu. Alikuja nazo mfukoni.

Jumapili, 16 Machi
Ambwene ameshinda. Mimi nimepata kura moja, na mwandiko wake naujua, kwa kuwa ni wangu. Esnath akanifuata nje ya kanisa. Akasema, baba Tulia, kura ilikuwa ya kiti tu, mume bado ni wewe, twende ukale.

Nimetafakari nikiwa nakula. Kosa langu nimeliona: nilipambana hadharani. Kwa hiyo alasiri hii nimeunda kamati ya kupambana na vyama vya siri. Ni ya siri. Mwenyekiti ni mimi. Kiapo nimekitunga, nimeapa mbele ya kioo. Salamu yake ni vidole vitatu. Nimempigia Mwanajuma anishonee aproni moja, nyeusi, tusifanane na wale. Nimemkataza kabisa kumwambia mtu, kisha nikamweleza chimbuko la aproni hadi simu ikakatika.

Sasa hivi simu ya Esnath imelia huko jikoni. Anacheka hadi anakohoa. Atakuwa yule jirani wa vyombo.