Gobori Moja kwa Kilima Kizima

Jumatatu, 3 Agosti 1987. Frere Town.

Nimenyimwa bunduki! Mimi, mwalimu wa jiografia kwa miaka thelathini na miwili!

Naeleza kwa utaratibu, kama nilivyoeleza kituo cha polisi. Nyuma ya Samburu, ile yenye stesheni ya reli huku Pwani, kwenye nyika isiyo na hata duka, kuna kilima. Mwaka juzi mchunga mbuzi wa huko, aliyekuja mjini, alinionyesha kijiwe cha kijani kibichi, punje ya mbaazi kwa ukubwa. Kito! Kibali cha kutafuta madini ninacho, kimepigwa muhuri. Kilichobaki ni kwenda kuchomeka vigingi vinne, kimoja kila pembe, na kilima ni changu. Kibali kinakwisha tarehe kumi na tano. Mbona sijaenda? Sina silaha! Kule kuna simba, fisi, nyati na wezi wa vito. Mtu aliyesoma haendi huko mikono mitupu.

Afisa akaniuliza nimeshambuliwa huko mara ngapi. Nikamjibu kwa ukweli kwamba sijafika. Alicheka mpaka akavua kofia.

Jumatano, 5 Agosti.

Nimepeleka barua ya pili. Kurasa nne na ramani ya wanyama wakali, kila mnyama mahali pake. Afisa aliitazama sana, kisha akauliza kama simba alichorwa na wajukuu. Nilimchora mimi!

Kurudi nyumbani, namkuta jirani yangu Gershom Nguma ameegemea ua. Huyu alikuwa karani, na hajui tofauti ya jiwe la quartz na chumvi ya mawe. Akanitangazia kwamba naye amepata kibali, na kwamba kilima anachokitaka ni kilekile changu. Nikamuuliza atajilinda na nini. Akanionyesha bakora na kopo la ugoro. Ugoro! Ati ni wa wazee wa kule, awaamkie kwanza. Nikamwonea huruma. Simba havuti ugoro.

Mama Kenga, mke wangu, amesema Gershom walau ana mpango. Mimi ni mtu mvumilivu.

Jumamosi, 8 Agosti.

Nimepata silaha! Mzee Kombe wa Mtopanga, shemeji yangu kwa upande wa Mama Kenga, ana gobori la marehemu baba yake. Ni refu kuliko mimi, na asili yake, kama ya Kombe mwenyewe, ni kulekule nyuma ya Samburu. Limetundikwa ukutani tangu enzi za Waingereza.

Kombe alilishusha taratibu. Akasema shemeji, sikiliza, gobori hili lina neno lake, watu wa kule wanaujua mlio wake, usije ukalipiga ovyo kwa sababu... Nikamkatiza kwa adabu, kwani nilimwona anababaika, nikamweleza historia ya baruti tangu Uchina. Nilichukua saa nzima. Alipojaribu tena nikamweleza habari za Wareno. Mwishowe akasema haya, nenda. Nafikiri alijifunza mengi.

Kuhusu kibali cha bunduki: gobori si bunduki. Ni kitu cha kale. Nimelifikiria sana jambo hili na nimeridhika.

Jumanne, 11 Agosti.

Garimoshi. Gobori nimelifunga ndani ya mkeka. Mama mmoja akauliza ni nini, nikasema ni mguu wa kitanda. Akasema pole baba, na hiyo mingine mitatu imekwenda wapi? Behewa zima likacheka. Mwenye kucheka kuliko wote alikuwa Gershom, ameketi dirishani na kopo lake!

Tulishuka pamoja. Yeye akashika njia ya vijijini kwa watu, kuwaamkia wazee. Nilifurahi kupita kiasi. Hizo salamu za kule, kwa kuulizana mpaka habari za mbuzi, humaliza nusu siku. Mimi nilikwenda moja kwa moja kilimani.

Alhamisi, 13 Agosti.

Nina hasira! Naandika ya jana.

Asubuhi nilikuwa nimechomeka vigingi vitatu. Vitatu! Nikawa natembea na cha nne, mara nikasikia majani yanatikisika. Kitu kizito, kinakuja pole pole, kama chui anavyonyatia. Nikapiga.

Moshi ulipotulia nikamwona. Kobe. Hakujeruhiwa. Hata hakuongeza mwendo.

Ndipo bondeni likaanza yowe. Mmoja, wawili, kisha nchi nzima. Wanawake wakapanda kilima mikono kichwani, wanaume nyuma yao na majembe. Kumbe kule gobori hupigwa kwa jambo moja tu: mzee amefariki. Na hakuna aliyenieleza!

Niliwaambia hajafa mtu. Mzee mmoja, Randu, akalitazama gobori akaanza kulia. Hili ni la kina Kombe, akasema, kwa hiyo Kombe wetu ametutoka. Nikasema Kombe yuko Mtopanga, mzima. Akaniuliza, kwa upole wa kunikera, nani sasa wa kuaminiwa, gobori la babake au mgeni ambaye hata hodi hakupiga? Nikaanza kueleza. Wakati naeleza walichimba kaburi, palepale pa kigingi cha nne. Gershom alikuwa shimoni, analia kwa sauti nzuri, anachimba.

Kijana wa mbio alitumwa kwenye simu ya stesheni. Kombe mwenyewe akapatikana, akawatukana wote, na mimi zaidi. Yakaisha? Wapi! Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Wazee wakashauriana, wakazika gobori. Walilifunika sanda.

Na katika udongo uliotolewa, Gershom akaokota vijiwe vya kijani, konzi nzima. Wazee, kwa kuwa aliwaamkia na akawalilia mtu wao, wakamwambia achomeke vigingi vyake.

Nikakimbilia vitatu vyangu. Akina mama walikuwa wamevifanya kuni, wanapikia uji wa matanga.

Jumamosi, 15 Agosti. Frere Town.

Kibali changu kimekwisha leo. Kilima kimesajiliwa kwa jina la Gershom. Amekuja uani, mnyenyekevu, akaniomba nikawe mlinzi wa shimo lake. Ati atanipa bakora. Mama Kenga akamwambia nitafikiria!

Nimekaa, nimepima mambo bila hasira, kama nilivyowafundisha watoto wa watu. Kosa limeonekana. Gobori lilikuwa moja, na hupiga mara moja tu.

Jumatatu nitakuwa kituoni alfajiri. Barua iko tayari, kurasa sita. Naomba bunduki mbili. Ramani nimeichora upya, na simba nimemtoa, asije akanifanya nichekwe tena. Mahali pake nimeweka hatari niliyoiona kwa macho yangu: waombolezaji, wapatao mia, wenye majembe.