Maneno Chini ya Sufuria

Jumanne, 1 Julai

Kidude kimefika! Nimekichukua stendi ya Nachingwea kutoka basi la Dar, nikakificha ndani ya shati. Kinafanana na flashi, kina kioo kidogo. Kazi yake ni kutunza ufunguo wa sarafu za mtandaoni, wezi wasiufikie. Aina zilikuwa mbili. Moja Fahadi anayo. Nikaagiza nyingine.

Fahadi ni fundi simu. Kibanda chake kinatazamana na changu cha vocha. Kaniuliza kama nimesoma maelezo. Nikamjibu wengine tunaelewa bila kusoma. (Maelezo nimeyasoma baadaye chooni. Kiingereza kingi!)

Humo nitahamishia bitkoini za dada Ashura wa Mbekenyera. Alipouza ufuta alinipa pesa nimtunzie mpaka aezeke nyumba. Mimi nikaona kutunza tu ni ushamba, nikamnunulia bitkoini. Dada akakubali. Mimi ndiye niliyesoma.

Alhamisi, 3 Julai

Kidude kimenipa maneno ishirini na manne ya Kiingereza. Hayo ndiyo ufunguo wenyewe. Kidude kikipotea, unanunua kingine, unaingiza maneno, mali inarudi. Mtu mwingine akiyajua, mali ni yake. Maelezo yanasema yaandikwe mahali pasipoungua wala kuoza.

Karatasi? Mchwa wa hapa wanakula hata milango. Nimewaza asubuhi nzima. Nimepata! Sufuria kubwa la pilau la mke wangu Saada. Liko motoni miaka yote na halijaungua. Saada alikuwa Kiegei kwa mama yake. Nikachukua msumari, nikachonga maneno yote kwenye kitako. Masizi yatayafunika. Nani atakagua kitako cha sufuria?

Fahadi hapati akili hii hata azaliwe upya.

Jumamosi, 5 Julai

Gari mpaka Ruangwa, kisha bodaboda mpaka Mbekenyera. Dada Ashura amenichinjia kuku. Nikamwambia hata nyumba yangu iteketee, mali yake ipo. Akauliza ufunguo nimeuweka wapi. Nikamwambia hiyo ni siri ya kitaalamu.

Akanawa mikono, akasema, "Mdogo wangu, mimi hayo siyaelewi. Nakuamini wewe tu."

Nikaona haya kidogo. Kisha firigisi ikaletwa. Nimelala hukohuko.

Jumapili, 6 Julai

Aibu. Aibu! Sijui nianzie wapi.

Nimerudi mchana, nyumba tupu. Jikoni sufuria halipo! Jirani akaniambia Saada amekwenda nalo Nambambo, kwenye harusi, kwa shoga yake Mwanamvua anayeoza binti. Nikakimbilia bodaboda. Njiani nilijipa moyo: pilau liko ndani, maneno yako nje, chini ya masizi.

Nilisahau jambo moja. Akina mama wakiazima sufuria hulirudisha jeupe kuliko lilivyokuja. Nimekuta wameshalisugua kwa mchanga na majivu mpaka linang'aa. Limepinduliwa juani. Binti mmoja wa sekondari kaliinamia, anasoma kwa sauti na kuwatafsiria wenzake. Mzimu. Mfupa. Usiku. Damu.

Watu wamerudi nyuma. Walioshakula wameshika matumbo. Bibi harusi analia. Mama wa bwana harusi anataka Saada aseme ni nani kamtuma kuleta uchawi kwenye harusi ya mwanawe. Mwanamvua kamwachia mkono. Saada amesimama peke yake, majivu mpaka kwenye viwiko. Akaniona.

"Baba Hajra, ni wewe umeandika haya?"

Nilifungua mdomo niseme labda ni chapa ya kiwandani. Nikamtazama usoni. Nikashindwa.

Nikasema ni mimi. Nikapaza sauti wote wasikie. Mke wangu hajui chochote. Si uchawi, ni ufunguo wa pesa za mtandaoni za dada yangu, na yeyote mwenye maneno yale anaweza kuzichukua.

Kisha simu zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. Wanapiga picha!

Nikalikalia. Mbele ya shehe, wazazi na wapiga ngoma, mtu mzima na shati langu la safari, nimekaa juu ya sufuria na nikagoma kuinuka mpaka Saada aliponifunika khanga, mimi na sufuria.

Tumerudi, sufuria nimelibeba mimi, kitako kifuani.

Jumatatu, 7 Julai

Nimevuka barabara kwenda kwa Fahadi. Hatua zile zilikuwa nzito. Nikamweleza yote. Aliacha simu ya mteja wazi mezani, akafunga kibanda. Tumekifuta kidude, kikatoa maneno mapya, yale ya zamani tukayaingiza kwenye simu, tukahamisha kila kitu kabla mtu wa harusini hajajua picha yake ifanyiwe nini.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kaniambia niyaandike kwenye karatasi mbili, niziweke mbalimbali, pakavu. "Na usimwambie mtu. Hata awe nani, Ismaily."

Jioni nimekwenda Nambambo na Saada. Nikapiga magoti mbele ya mama wa bwana harusi. Kasamehe. Mwanamvua kamkumbatia Saada, wakalia wote wawili. Mimi nikatazama kuku.

Dada Ashura kapiga simu. Sijapokea.

Alhamisi, 10 Julai

Faraja! Wenye kampuni ya kidude wamenitafuta wenyewe kwa WhatsApp. Nembo ipo, lugha safi, wananiita mheshimiwa. Wameona mali yangu imehamishwa ghafla na wana wasiwasi nayo. Wanaomba kuhakiki maneno mapya kabla jua halijazama, wasije wakaifunga akaunti.

Fahadi sijamshirikisha. Nimemsumbua vya kutosha, na nimechoka kuonekana mjinga. Saada kaniuliza naandika nini kwa bidii hivi. Nimemwambia naweka salama mambo ya dada.

Nimeshatuma maneno kumi na tisa. Anayeyapokea ana subira kweli, hata kaniuliza kama nimekula.

Fahadi alisema nisimwambie mtu. Lakini hii ni kampuni, si mtu.