Mchukueni Mume Wangu, Kiti Kiko Wazi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Ushauri la Mtaa.

Yahusu: Kiti kilicho wazi, na mume wangu asiyetulia

Mheshimiwa, shikamoo, na pole kwa majukumu. Nimesoma tangazo lenu kwenye mlango wa ofisi kwamba mnatafuta mjumbe mmoja, "mkazi mwenye moyo wa kushauri". Mimi ni fundi cherehani wa duka la kona, mkabala na zahanati. Mtu huyo ninaye. Nimeolewa naye.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni hadi alipostaafu mwaka huu. Wenzake walimuaga kwa saa ya ukutani na makofi mengi sana. Makofi yale ndiyo kwanza nayaelewa sasa.

Sababu za kumpendekeza ni hizi:

1. Ana bidii. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu alipanga upya jiko langu, sufuria kwa urefu, vifuniko kwa upana. Chumvi hatujaiona tena. Nilipomuuliza akasema, "Iko mahali panapostahili."

2. Hangoji kuombwa. Jirani aliyekuwa akipaka nyumba rangi alishauriwa kuhusu brashi, kuhusu ngazi, na hatimaye kuhusu mke wake. Siku hizi anapaka ukuta wa nyuma tu.

3. Ni mkweli. Hapa, Mheshimiwa, ndipo panaponiuma. Kila siku yuko dukani "kunisaidia". Wiki iliyopita bibi harusi alijaribu gauni lake mbele ya kioo, akalalamika kwamba linambana kidogo. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akavua miwani: "Gauni halina kosa, binti. Kilichozidi si kitambaa." Binti akaangua kilio. Mama yake akamtoa nje na gauni likiwa bado na pini, na shangazi mtu akanipa maneno yasiyofaa kuandikwa katika barua ya ofisi. Tangu siku hiyo sijapata bibi harusi mwingine.

4. Anajua taratibu za vikao. Jumapili aliniitisha sebuleni pamoja na binti yetu, akajichagua mwenyekiti, akazuia chai mpaka tufike kwenye mengineyo. Nilipopandwa na hasira nikalia, aliniarifu kwamba kilio hakimo kwenye ajenda.

Kwa hiyo naomba mumpe kiti hicho leo hii. Nasikia mnakutana mara moja kwa mwezi. Hiyo haitoshi. Kutaneni kila siku, asubuhi hadi jioni, na mchana ale huko huko. Ikiwezekana, mtaa uongezewe matatizo ili asije akakosa kazi.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto nyumbani, na mlinzi wa lango, ambaye namsihi asimruhusu kutoka mapema.

Wako ninayengoja jibu nikiwa nimemshika mkono mgombea,
Fundi wa kona

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, jana mume wangu alikwenda kumshauri dada yake. Duka likawa kimya mpaka nikasikia masikio yangu. Nikashona mikono yote miwili ya blauzi upande mmoja, na hakuna aliyenikataza. Aliporudi jioni aliitazama, akaketi, akaifumua yote bila kusema neno, akanitengea chai. Mheshimiwa, simtoi tena. Ila kama kiti kingali wazi, naomba nikikalie mimi. Ni yeye aliyenishauri.